Areka katika chungu cha lita 50: kisa cha mmea uliozidiwa na matunzo

Mmea wenyewe ni areka, Dypsis lutescens, mmea wa jamii ya mnazi wenye asili ya Madagaska. (Mwaka 2022 wanabotania waliurudisha kwenye jenasi ya Chrysalidocarpus, ila vibandiko vya vitaluni bado vina jina lile la zamani, na ni mmea uleule.) Ulinunuliwa ukiwa na kimo cha mita 1.6 na mashina 11, ndani ya chungu chepesi cha plastiki chenye kipenyo cha sentimita 24. Miezi mitatu baadaye ncha za makuti yote zilikuwa kahawia, makuti sita ya chini yalishageuka manjano na kukatwa, makuti machanga matatu yalisimama wima bila kufunguka, na visubi weusi waliruka kila chungu kilipoguswa.

Katikati ya tarehe hizo mbili yalifanyika haya. Wiki moja baada ya kununuliwa, areka ilihamishiwa kwenye chungu cha kauri chenye kipenyo cha sentimita 45. Kilikuwa na tundu moja dogo. Chini yaliwekwa mawe, kina cha sentimita 8, ili maji yapite. Juu yake ukajazwa udongo wa bustani uliochanganywa na samadi. Kwa kuwa mmea uliyumba, mashina yalifukiwa sentimita 6 zaidi ya yalivyokuwa kitaluni. Chungu kikawekwa kwenye pembe ya sebule, mita 3.5 kutoka dirishani, na kumwagiliwa lita moja kila baada ya siku mbili. Wiki ya sita ncha zilipoanza kukauka, ziliongezwa hatua tatu kwa mpigo: makuti yakanyunyiziwa maji asubuhi na jioni, maji ya chungu yakapandishwa hadi lita moja na nusu, na mbolea ya maji ikatiwa mara mbili ya kipimo cha kwenye chupa.

Ukiitazama kila hatua peke yake, ina mantiki. Ncha kavu huonekana kama kiu, kuti la manjano huonekana kama njaa, na mmea mrefu huonekana kustahili chungu kikubwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeitazama mizizi, na kwa mimea ya jamii hii mizizi ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachoonekana juu.

Ncha kavu haitoshi kuwa ushahidi

Ncha ya kuti ndiko maji yanakofika mwisho. Chochote kinachopunguza maji yanayopanda, au kinachoacha chumvi nyuma maji yanapovukizwa, huonekana hapo kwanza. Udongo uliokauka hutoa ncha kahawia, na udongo uliolowa hadi mizizi ikaoza hutoa ncha kahawia zilezile. Mbolea iliyozidi, floraidi katika maji ya bomba na hewa kavu sana nazo hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo mtu akionyesha picha ya ncha kavu na kuuliza dawa, jibu la haki ni kumwomba picha ya chungu.

Kinachosaidia zaidi ni kuangalia makuti yapi yameathirika, na vipi. Upungufu wa potasiamu huanza kwenye makuti ya zamani: madoa madogo ya manjano au chungwa yanayopenyeza mwanga, kisha ncha na kingo hukauka, huku makuti machanga yakibaki mazuri. Upungufu wa magnesiamu nao huanza chini, lakini huacha kati ya kuti kijani na kingo manjano. Manganisi ikikosekana, kuti jipya hutoka dogo, limekunjamana na kukauka kana kwamba limeunguzwa. Madini ya chuma yakikosekana, kuti jipya hutoka limepauka, mara nyingi mishipa yake ikibaki kijani. Na ndani ya nyumba dalili hii huwa nadra kusababishwa na udongo usio na chuma. Kwa kawaida chuma kimo, ila mizizi haina hewa ya kuweza kukichukua.

Kwenye kisa hiki ncha zilikauka kwa makuti ya rika zote, makuti ya chini yaligeuka manjano kuti zima kwa pamoja bila madoa, na kuti la mwisho kufunguka lilikuwa limepauka. Ukiongeza visubi, ambao mabuu yao huishi kwenye udongo wenye unyevu wa kudumu, shaka ya kwanza ni mizizi.

Vipimo vinne kabla ya kugusa chochote

Cha kwanza ni kijiti. Kijiti kikavu cha mwanzi kilichomekwa sentimita 20 ndani ya udongo na kuachwa dakika kumi. Juu udongo ulikuwa mkavu sentimita mbili za kwanza, na hilo ndilo lililokuwa likimshawishi mwenye mmea kumwagilia. Kuanzia hapo kwenda chini kijiti kilitoka kimelowa, cheusi, chenye harufu ya mtaro. Harufu hiyo ni ya vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni. Udongo wenye afya hunuka kama ardhi baada ya mvua na si vinginevyo.

Cha pili ni kuvuta kuti changa lisilofunguka, taratibu, kwa vidole viwili, kwenda juu. Kuti lenye afya hushikilia. Kati ya mashina 11, manane yalishikilia na matatu yakaachia, kuti likatoka na kitako laini cha kahawia. Kila shina la areka lina kitovu kimoja tu cha kukulia, kilichofichwa kati ya vitako vya makuti. Kikifa, shina hilo halitoi tawi pembeni kuokoa hali kama ufanyavyo mmea mwingine wa mapambo. Ahueni ya areka ni kwamba inakua kwa kichaka: kufa kwa shina moja si kufa kwa mmea. Kwa kentia (Howea forsteriana, kutoka kisiwa cha Lord Howe cha Australia), yenye shina moja kwa kila mche, kuti likiachia namna hiyo hali ni nzito zaidi.

Cha tatu ni mwanga. Programu ya simu ya kupima mwanga si sahihi sana, lakini kwa kulinganisha sehemu mbili za chumba kimoja inatosha. Pembeni ilisoma luksi (kipimo cha mwanga) 240 saa sita mchana. Mita moja kutoka dirishani ilisoma luksi 3,100. Macho hayatambui tofauti hiyo kwa sababu yanajirekebisha. Areka inayotoka kitaluni imezoea mwanga mkali, na makuti yake yamejengwa kwa mwanga huo. Ikiingizwa ghafla kwenye luksi 240, inatumia akiba iliyokuja nayo, na maji inayonywa kwa siku hupungua sana. Ratiba ya lita moja kila baada ya siku mbili ingeweza kuufaa mmea huohuo juani. Pembeni mwa sebule ilikuwa mafuriko.

Cha nne, kuchimbua kwa kidole hadi pale mizizi inapoanzia kwenye shina. Ilibidi kidole kizame sentimita 6.

Kwa nini chungu kikubwa ndicho kilichoanzisha yote

Chungu cha awali kilichukua kama lita 8 za udongo. Cha kauri kinachukua takriban 50. Ukitoa mawe, zinabaki kama lita 40. Mizizi ileile ikapewa udongo mara tano, na ile sehemu isiyo na mizizi haina wa kuinywea maji. Inakauka kwa uvukizi wa juu pekee, na uvukizi huo haufiki chini.

Mawe hayakusaidia, na hapa tunasisitiza kwa kuwa ushauri wa mawe haufi. Maji yaliyoshikwa na vinyweleo vya udongo laini hayashuki kwenye mianya mikubwa ya mawe mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Tabaka lililoshiba hukaa juu ya mawe badala ya kukaa sakafuni mwa chungu. Yaani mawe yamelisogeza karibu na mizizi kwa sentimita 8. Kinachoondoa maji ni tundu lililo wazi na mchanganyiko wenye chembe kubwa kutoka juu hadi chini. Udongo wa bustani ndani ya chungu hushikana baada ya kumwagiliwa mara chache na kuziba njia za hewa, na samadi iliyomo hunyonya oksijeni iliyobaki inapoendelea kuoza.

Kufukia shina kulifunga kazi. Mizizi ya mimea hii huchipuka kwenye kitako cha shina, na inataka hewa ya tabaka la juu. Ikishushwa sentimita 6 kwenye udongo mzito, mizizi ya zamani inakosa hewa, na kitako laini cha shina kinakaa kwenye unyevu kikisubiri vimelea vya kuoza. Mmea unaoyumba hufungwa kwenye fito. Haufukiwi.

Mbolea maradufu iliingia kwenye hali hiyo ikiwa sumu tu. Mizizi iliyokufa hainywi, chumvi ikajikusanya, na utando mweupe ukaonekana ukingoni mwa chungu.

Kazi ya kuuokoa

Mmea ulitolewa na watu wawili: mmoja analaza chungu, mwingine anashika mashina yote kwa pamoja karibu na udongo. Kushika shina moja na kuvuta ni njia ya kulichomoa. Ndani, umbo la chungu cha awali bado lilionekana kabisa. Ni mizizi michache iliyokuwa imetoka nje yake, nayo ilikuwa imeoza.

Udongo ulioshwa kwa maji ya uvuguvugu yanayotoka polepole. Mizizi ilihukumiwa kwa kuibana, maana rangi hudanganya: mzizi wa zamani wa areka unaweza kuwa kahawia iliyokolea na bado ukawa mgumu na mzima. Uliooza unabonyea, na ukiuvuta ganda lake linachomoka na kubakiza uzi katikati. Hiyo tu ndiyo iliyokatwa, kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti ya asilimia 70. Karibu theluthi moja ya mizizi iliondoka.

Kishawishi kinachokuja hapa ni kugawanya kichaka. Vichaka vingi vinavyouzwa ni miche kadhaa iliyooteshwa pamoja, mizizi ikiwa imesukana, na kuigawa, hata mmea ukiwa na afya, hukata mizizi mingi. Mmea mgonjwa haugawanywi.

Chungu kipya kilikuwa cha plastiki, kipenyo sentimita 26, matundu sita. Mchanganyiko, kwa ujazo: sehemu mbili za usumba uliosagwa na kusuuzwa mara tatu (usumba usiosuuzwa unaweza kuja na chumvi nyingi), sehemu moja ya magome ya msonobari ya milimita 5 hadi 10, na sehemu moja ya perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto). Pasipo perlaiti, mchanga mnene wa mto uliooshwa unafaa, ila chungu kitakuwa kizito. Mstari ambapo mizizi inaanzia uliwekwa sawa na uso wa udongo, vichipukizi vya mizizi mipya vikionekana kidogo. Fito tatu za mwanzi zilichomekwa ukingoni na kufungwa kwa kamba laini, zikae miezi miwili hadi mitatu.

Kisha maji yakamiminwa mpaka yakatoka chini kwa wingi, yakaachwa yachuruzike, na chungu kizima kikapimwa kwenye mizani: kilo 9.4. Hiki ndicho kifaa tunachokiamini kuliko kidole na kuliko ratiba. Kijiti kilipoonyesha sentimita 5 za juu zimekauka, mizani ilisoma kilo 7.6. Kuanzia hapo kanuni ikawa moja: haumwagiliwi kabla ya kushuka hadi kilo 7.6, iwe siku ya tano au ya kumi na mbili. Maji ni hadi yatoke chini, na yaliyotuama kwenye sahani yanamwagwa baada ya nusu saa. Chungu cha kauri kilirudi kikiwa ganda la nje tu, na chungu cha plastiki kimeinuliwa ndani yake juu ya vipande vya tofali.

Mahali papya: mita moja kutoka dirishani, pazia jepesi likichuja jua la moja kwa moja. Mmea uliokaa gizani miezi mitatu ukipelekwa juani siku moja huungua, na madoa hayo hayafutiki. Mbolea ilisimamishwa kabisa.

Makuti: lipi linakatwa

Makuti yaliyobaki na rangi ya kijani hata nusu yaliachwa. Kuti la zamani ni ghala. Mmea hutoa humo potasiamu na virutubisho vingine na kuvipeleka kwenye kuti jipya. Ukilikata likiwa manjano umenyang'anya ghala, na mmea unahamia kuti linalofuata, ndiyo maana kwenye kisa hiki manjano ilipanda ngazi baada ya ngazi kadiri mkasi ulivyofanya kazi. Ncha kahawia zinazoudhi jicho zinaweza kupunguzwa, mradi ubakize milimita mbili tatu za ukavu. Ukikata kwenye kijani, ukingo mpya utakauka tena.

Mashina matatu yaliyoachia kuti hayakukatwa siku hiyo. Wakati mwingine uozo umeishia kwenye kitako cha kuti na kitovu kilichoko chini bado kizima. Yaliachwa wiki nane, sehemu ya juu ikiwekwa mbali na maji. Moja lilitoa kuti fupi lililopinda. Mawili hayakutoa kitu, yakakatwa usawa wa udongo.

Wiki zilizofuata, na utitiri

Jinsi ya kujua kama kuti changa linatembea: chora mstari mmoja wa kalamu ya wino usiofutika unaovuka kuti hilo na upongoo wa kuti la jirani. Mistari ikiachana, linakua. Wiki tatu za kwanza mistari haikusogea hata kidogo, na huu ndio wakati ambao watu huanza kuongeza hiki na kile. Wiki ya sita iliachana kwa sentimita moja. Kuti la kwanza lilifunguka wiki ya kumi, fupi kuliko yaliyotangulia lakini lenye ncha nzima.

Wiki ya tano vidoadoa vya rangi ya fedha vilionekana juu ya vijani, na utando mwembamba chini yake. Ukigonga kuti juu ya karatasi nyeupe, nukta zinazotembea ni utitiri. Hupenda hewa kavu na joto, na kwenye nyuzi joto 27 hivi huweza kutoka yai hadi utu uzima ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Mmea ulioshwa bafuni kwa maji yenye nguvu kiasi, upande wa chini wa makuti hasa, chungu kikiwa kimefungwa kwa mfuko ili udongo usilowe. Ukafuata mnyunyizo wa mililita 5 za sabuni laini ya maji kwa lita moja, uliojaribiwa kwanza kwenye kuti moja kwa siku mbili, na kusuuzwa baada ya saa mbili. Sabuni huua kwa kugusa na haiui mayai, kwa hiyo ilirudiwa kila siku ya tano mara tatu. Kunyunyizia mara moja na kuridhika ni kazi bure.

Ule unyunyiziaji wa asubuhi na jioni uliachwa. Unapandisha unyevu wa hewa kwa dakika chache tu, halafu unaacha makuti yenye majimaji ambayo ni rafiki wa madoa ya kuvu. Anayetaka unyevu wa kweli atumie mashine ya kutoa mvuke au akusanye mimea pamoja, na aangalie kipima unyevu. Asilimia 45 hadi 60 inatosha.

Maji na chakula baada ya hapo

Areka huumizwa na floraidi na chumvi. Kuacha maji ya bomba yalale usiku kucha huondoa sehemu ya klorini; floraidi haiondoki. Maji ya mvua yakipatikana ni bora. Yasipopatikana, kila baada ya miezi mitatu chungu husuuzwa kwa maji mara mbili hadi tatu ya ujazo wake, polepole, yakitoka chini moja kwa moja: kwa chungu hiki ni lita 20 hadi 30.

Mbolea ilirudi baada ya kuti la kwanza kufunguka, nusu ya kipimo cha kwenye chupa, kila wiki sita, uwiano wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu ukiwa karibu na 3-1-2, pamoja na magnesiamu na madini madogomadogo. Watu hukutana na ile mbolea ya 8-2-12 yenye asilimia 4 za magnesiamu inayopendekezwa na Chuo Kikuu cha Florida na kuileta ndani. Hiyo ni kwa mimea iliyo ardhini, kwenye udongo wa kichanga usiohifadhi potasiamu. Fosforasi ya superfosfeti iepukwe kabisa, kwani yenyewe huja na floraidi.

Kuhamisha tena kutasubiri mpaka mizizi itokeze kwenye matundu na chungu kianze kushuka kutoka kilo 9.4 hadi 7.6 ndani ya siku tatu au nne. Chungu kitakachofuata kitakuwa cha sentimita 30, na mashina yatapandwa kwa kina kilekile.